Prizi za jikoni: historia ya umeme uliochelewa kufika mahali pa kupikia

Katika nyumba za zamani za Bukavu, zile zilizojengwa karibu na ziwa wakati mji ulikuwa ukiitwa bado Costermansville, fundi umeme anayekuja kutengeneza waya anakuta mara nyingi jambo lile lile. Sebuleni kuna prizi. Vyumbani kuna prizi. Lakini jikoni kulijengwa nyuma, karibu na boyeri, kule mpishi na watumishi walikokuwa wakikaa, na huko kuna taa moja inayoning'inia, basi. Redio ya bwana ilipewa umeme, pasi ilipewa umeme. Chakula kilipikwa kwa kuni, na mwenye kukipika hakuulizwa kitu siku ya kuchora plani ya nyumba.

Wenyeji weusi nao walijengewa upande wao. Kuanzia mwaka 1952 ofisi ya kikoloni ya makao ya Waafrika, OCA, ilijenga mitaa katika miji mikubwa ya Kongo, na Bagira ni mmoja wao. Huko pia umeme, pale ulipofika, ulikuwa kwanza wa taa. Kupika kulibaki kazi ya uani, juu ya mafiga au mbabula.

Si kwamba umeme ulikuwa mbali. Bwawa la Ruzizi ya Kwanza lilianza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na pale mto unapotoka katika ziwa Kivu. Mashine zake zote zikizunguka, linatoa karibu megawati 30. Ruzizi ya Pili ilifuata mwaka 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi; hiyo inapita megawati 40, lakini inchi tatu zinagawana. Goma nayo ililishwa kutoka huko huko, kwa waya unaopanda kando ya ziwa. SNEL ilizaliwa mwaka 1970, na mwaka 1982 Inga ya Pili ilizinduliwa upande wa magharibi, pamoja na waya mrefu wa kilomita karibu 1,700 wa kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi bila kushuka. Hesabu ya serikali ilikuwa ya shaba. Sufuria ya maharagi haikuwamo.

Miji ya Kivu ikakua kuliko waya zake. Vita vya kuanzia mwaka 1996 viliwasukuma watu wa vijijini kuingia Bukavu na Goma, mwaka baada ya mwaka, na leo kila mmoja wa miji hiyo una watu zaidi ya milioni. Mtu alipojenga kwenye parseli ndogo, alivuta waya kwa jirani, jirani naye alikuwa ameuvuta kwa mwingine. Delestaji ikawa desturi: mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Katika nyumba kama hiyo kulikuwa na prizi moja, sebuleni, na juu yake multiprizi yenye simu tano, televisheni, na ralonje inayovuka mlango kwenda kwenye resho. Bukavu inajua matokeo yake. Katika mitaa iliyobanana ya Kadutu, kama Nyamugo, mioto imerudi tena na tena, na waya mbovu ni moja ya sababu zinazotajwa kila mara, pamoja na mbabula na mishumaa.

Kwa kuwa jikoni hakukuwa na umeme, mji ulikula msitu. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikaa Kibumba, Katale na Mugunga, wakapika kwa miti ya Virunga kwa sababu hapakuwa na kitu kingine. Wao walipoondoka, makala yalibaki biashara, na makundi yenye silaha yalipata humo pesa ya kuendesha vita. Bei ya gunia Goma inapanda na kushuka kufuatana na nani anashika barabara. Na katika kambi zilizozunguka mji hadi mwanzo wa mwaka 2025, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo na zingine, wanawake wengi waliobakwa walieleza kwamba waliviziwa njiani wakienda kutafuta kuni. Mtu anayesema habari ya prizi za jikoni ni habari ya matajiri, afikirie kwanza njia hiyo.

Goma ilikuwa na shida yake nyingine, chini ya miguu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji, na watu karibu 120,000 wakabaki bila makao. Walijenga tena juu ya jiwe lile lile jeusi, wengi kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi na zinahamishika. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudia, safari hii ukasimama pembezoni mwa mji, upande wa Buhene, baada ya kukata barabara ya Rutshuru. Waya uliopigiliwa misumari juu ya ukuta wa mbao, bila tiyo ya plastiki ya kuukinga, ni kiberiti kinachongoja.

Jambo lililobadilisha mazungumzo ni Matebe. Bwawa hilo la Rutshuru, lililojengwa chini ya mradi wa hifadhi ya Virunga, lilizinduliwa Desemba 2015 likiwa na megawati zaidi ya 13, na waya wake ukashuka hadi Goma. Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Nuru iliongeza kiwanda cha jua mjini humo, cha megawati 1.3. Pamoja na mita za kulipia kabla, mama alianza kupiga hesabu ambayo hakuweza kuipiga zamani: sufuria hii ya maharagi ni pesa ngapi kwa umeme, ni pesa ngapi kwa makala? Jiko la presha la umeme linavuta wati karibu 1,000 na linaivisha maharagi haraka kuliko mbabula. Ndipo swali la mahali pa kuweka prizi likatoka kwa fundi likaingia katika familia.

Mafundi walifuata kawaida waliyorithi kutoka Ubelgiji na Ufaransa. Volti 220, prizi ya mviringo yenye matundu mawili na kijiti cha chuma kinachotokeza. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa prizi, na mnene zaidi, wa 6, kwa kuka kubwa. Kawaida hiyo ni nzuri. Ila ilichorwa kwa jiko ambalo watu wanapika wamesimama mbele ya meza, na prizi inakaa juu kidogo ya meza hiyo. Kivu, mama wengi wanapika wamekaa kwenye kiti kidogo, chungu kikiwa chini, na bugali inasongwa kwa nguvu huku sufuria imeshikwa kwa miguu. Fundi anapoweka prizi kwa kimo cha meza katika chumba kisichokuwa na meza, resho inabaki sakafuni na waya unaning'inia hewani, pale mtoto anapotambaa na pale maji ya kuosha sombe yanapomwagika. Akiiweka chini kabisa kama sebuleni, maji yanaifikia. Makosa yote mawili yanaonekana kila siku, na si mikono ya fundi iliyokosea: meza haikupangwa.

Kwa hiyo meza inatangulia. Ya simenti ama ya mbao nzito, imefungwa ukutani, ndiyo inayomwambia fundi kimo. Prizi inakuja sentimita 10 hadi 20 juu yake. Inakaa mbali na bomba au ndoo ya maji, mtu asiweze kushika vyote viwili kwa wakati mmoja, na haikai juu ya moto ambapo mvuke na mafuta vinaiharibu. Frigo inapata yake peke yake. Resho inapata yake, kwa waya wake kutoka kwenye boksi ya fizi. Hesabu si ngumu: prizi ya kawaida inabeba ampea 16, yaani wati karibu 3,500. Resho ya masahani mawili ina 2,000, birika la umeme linaweza kuwa na 2,000 tena. Vikikutana kwenye multiprizi moja, plastiki inaanza kunuka kabla ya chai kuchemka.

Na mbabula haijaondoka. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika mjini, na kila nyumba ilirudi kwenye makala usiku ule ule. Jiko jipya la Kivu linahitaji basi pande mbili: upande wa dirisha au mlango kwa mbabula, kwa sababu moshi wa makala unaua katika chumba kilichofungwa, na upande mwingine kwa prizi. Wanaoziweka ukuta mmoja kwa kupunguza waya wanakuta mfuniko wa prizi umeyeyuka kabla ya mwaka kwisha.

Kijiti kile cha chuma kinastahili neno lake. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme unaovuja, ili birika lililoharibika lisimpige anayelishika. Lakini Goma ardhi ni lava, jiwe kavu lisilopitisha umeme vizuri, na nondo ya shaba haiingii kwa nyundo. Nyumba nyingi zina kijiti kisichoungwa na chochote. Mafundi wenye uzoefu wanachimba shimo, wanalijaza udongo ulioletwa, makala yaliyosagwa na chumvi, kisha wanalimwagia maji wakati wa kiangazi. Juu ya hayo, diferansiyali ya miliampea 30 inakata umeme mara unapopita katika mwili wa mtu. Bei yake inaogopesha, na ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye orodha ya manunuzi. Vyombo vinavyotoka Uganda, vyenye meno matatu ya pembe nne, vinaleta hatari nyingine: adapta ndogo ya sokoni inaunga meno mawili, ya tatu inaisahau.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za Goma zikabaki tupu, na familia nyingi zikachukua njia ya Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, zingine kukuta ukuta tu, zingine bila ukuta. Huko wengi hawana umeme leo. Lakini anayejenga ukuta sasa anaweza kuweka tiyo tupu ndani yake kabla ya kupiga simenti, kutoka mahali boksi itakapokaa hadi juu ya meza ya kupikia, na kuziba midomo yake kwa kitambaa panya wasiingie. Tiyo ni bei ndogo. Kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa, miaka mitatu baadaye, ni bei ya mlango. Na mbele ya kuchimba ukuta, fundi amwite mwenye kupika, akae au asimame pale anapotaka kupikia, anyooshe mkono, na fundi aweke alama ya chaki hapo mkono unapofika.