Kampala ilipothibitisha nguvu ya dawa za saratani

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini katika hospitali ya Mulago, Kampala, amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Jipu halivimbishi taya zote kwa pamoja. Muda mfupi baadaye, hospitali ya Jinja, akamkuta msichana mwenye uvimbe wa aina hiyohiyo, na uvimbe mwingine tumboni. Ilikuwa saratani, ambayo leo ina jina la Burkitt.

Kisu hakikuufaa, na mashine ya mionzi haikuwapo Uganda. Zikabaki dawa. Mojawapo ilikuwa siklofosfamidi, iliyobuniwa na wanakemia wa Ujerumani katika miaka hiyohiyo ya 1950. Ikiingia mwilini huwa bado haina makali. Ini ndilo linaloiamsha. Ikishaamka hufunga pamoja nyuzi za DNA, na seli ikitaka kugawanyika hukwama na kufa.

Sasa, seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo iliyowatia wazazi hofu ndiyo iliyoziweka seli mbele ya dawa. Wapo watoto ambao uvimbe wao ulinywea ndani ya siku chache tu. Hatari ilihamia kwenye figo, kwa kuwa seli nyingi zikifa kwa mkupuo humwaga taka nyingi kwenye damu. Mgonjwa ilibidi apewe maji kwa wingi.

Kituo cha kutibu saratani hii kilifunguliwa Mulago mwaka 1967, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Kwa wengine ugonjwa ulirudi, mara nyingi kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, ambako dawa nyingi za mshipani hupenya kwa shida. Madaktari wakachanganya siklofosfamidi na vinkristini, itokanayo na mmea wa Madagaska, pamoja na methotreksati, ambayo pia walimchoma mtoto moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo.

Historia ya tiba hii husimuliwa zaidi kupitia maabara za Marekani na Ulaya. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya habari. Ushahidi kwamba dawa peke yake zaweza kuponya saratani ulipatikana pia katika miili ya watoto wa Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba. Ziegler alipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alishika uongozi, na matibabu hayakusimama.