Lile jua la kijani kwenye sheli za BP

Wenye kumbukumbu za Tanzania ya miaka ya 2000 watakumbuka nembo ya sheli za BP. (Ndiyo, tunaziita sheli hata zikiwa za BP, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine!) Pahali pa ngao ya zamani lilikuja jua la kijani, njano na nyeupe, ukilitazama haraka unadhani ni ua. Nalikumbuka kila ninapoletewa taarifa ya kampuni inayojiita "rafiki wa mazingira".

Nembo hiyo ilizinduliwa Julai 2000. Kampuni iliyoanza 1909 kwa mafuta ya Uajemi, na kuitwa British Petroleum tangu 1954, ikaanza kujitangaza kwa maneno Beyond Petroleum, yaani kuvuka mafuta. Kuvuka kwenda wapi? Lini? Kwa shilingi ngapi? Tangazo halikusema, na hapo ndipo ulipo ujanja wa kujipaka kijani. Msemo usio na tarehe wala tarakimu utaukamata wapi?

Tusiwaonee lakini. Mei 1997 mkuu wa BP, John Browne, alisimama Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akasema mabadiliko ya tabianchi si jambo la kupuuza, wakati wakubwa wengine wa mafuta walikuwa bado wanabisha. Baadaye BP ikaahidi kupunguza gesi joto za shughuli zake kwa asilimia 10 chini ya kiwango cha 1990 ifikapo 2010, na mwaka 2002 ikatangaza kuwa imeshafika. Hii naiheshimu, maana mtu anaweza kuikagua. Ila soma tena hayo maneno: "shughuli zake". Moshi wa petroli uliyonunua wewe ukaichoma barabarani haumo kwenye hesabu, na huo ndio mwingi kuliko wote.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka 1999 BP ilinunua hisa zilizobaki za Solarex, watengenezaji wa paneli za umeme wa jua, kwa dola milioni 45. Mwaka 2000, mwaka uleule wa nembo mpya, ikakamilisha kuinunua ARCO, kampuni ya mafuta, kwa takriban dola bilioni 27. Gawanya mwenyewe, ni mara 600! Ni sawa na mtu kununua mchicha wa shilingi 1,000 na nyama ya shilingi 600,000, halafu anatangaza mtaani kwamba siku hizi ameacha nyama.

Halafu 2004 BP ikaweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha kupima "nyayo za kaboni" za mtu mmoja mmoja. Hili mimi naliona ndilo lililokuwa na akili kuliko yote. Badala ya kampuni kuulizwa inachimba mapipa mangapi, mwananchi ndiye akaanza kujiuliza amepanda ndege mara ngapi.

Machi 2005 kiwanda chao cha kusafishia mafuta huko Texas City kililipuka na kuua watu 15. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema kubana matumizi kulidhoofisha usalama. Mwaka 2006 bomba lililoliwa na kutu lilimwaga mafuta Alaska. Aprili 2010 ukaja mlipuko wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico: watu 11 walikufa, na kisima kikatapika mafuta siku 87. Desemba 2011 BP ikatangaza kufunga biashara yake ya umeme wa jua. Huku kwetu jua lilishashushwa kwa njia nyingine, kwani Novemba 2010 ilikubali kuiuzia Puma Energy biashara yake ya mafuta katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa dola milioni 296.

Mwaka 2020 wakaahidi upya, safari hii kwa tarakimu: kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2023 wakashuka hadi asilimia 25, na Februari 2025 wakaachana na lengo hilo na kuongeza fedha za kuchimba. Inaudhi, ila angalau kila hatua ya kurudi nyuma ilionekana na ikaandikwa magazetini. Ile ya mwaka 2000 mwandishi angeandika imevunjwa siku gani?

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kumwambia mnunuzi kuwa bidhaa ni "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho, au kwamba haina madhara kwa tabianchi kwa sababu tu kampuni imelipia, kwa mfano, miti ipandwe kwingine. Ndugu zangu mnaopeleka kahawa, maua na mboga Ulaya, itafuteni muisome kabla hamjachapisha vifungashio vingine.