Tana: mgawo wa maji tangu enzi za majimbo

Mto Rupingazi unapita kando ya mji wa Embu, mto Kathita unapita mjini Meru. Yote miwili inatoka Mlima Kenya na yote miwili huishia kwenye Tana, ila haifiki huko kwa njia moja. Rupingazi unajiunga na Thiba, na Thiba unamwaga maji yake katika bwawa la Kamburu. Kutoka hapo maji ya Embu huzungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuachiwa yaende zake. Kathita hushuka kupitia Tharaka na kuukuta Tana huko chini, baada ya Kiambere, bwawa la mwisho. Hakuna swichi inayouamuru.

Tofauti hiyo ni ya maumbile ya ardhi tu, lakini ndiyo iliyobeba historia nzima ya kugawana maji ya mto huu.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba yake ilikuwa ya majimbo: saba, mbali na Nairobi. Embu na Meru ziliondolewa upande wa Kati zikatiwa Jimbo la Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit, na mji wa Embu ukawa makao makuu. Ukiufuata Tana kwenye ramani ya mwaka ule, unaanza Jimbo la Kati, unapita Mashariki, unagusa Kaskazini Mashariki kule Garissa, kisha unamalizikia Pwani. Majimbo manne, mto mmoja. Ingekuwa vizuri kujua wangeugawanaje. Lakini kufikia Desemba 1964 majimbo yalikuwa yamefutwa, na mipango ya mto ikawa mikononi mwa Nairobi.

Nairobi ilihitaji umeme. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Mwaka 1981 likakamilika Masinga, ambalo mitambo yake ni midogo lakini tumbo lake ni kubwa: mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5. Kazi yake hasa ni kuweka maji ya masika ili mitambo iliyo chini isikose maji wakati wa kiangazi. Kiambere ikafuata mwaka 1988. Mabwawa yote matano yako kwenye mpaka wa Embu na majirani zake wa kusini, na yote yalikwisha kujengwa kabla Kenya haijawa na sheria ya jumla ya kudai tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni zake za tathmini zikatoka 2003. Ndiyo kusema kanuni ya kwanza ya kuhifadhi na kuachia maji ya Tana iliandikwa na wahandisi wa umeme, kwa ajili ya umeme. Siwalaumu, hiyo ndiyo kazi waliyopewa. Aliyewapa kazi hiyo ndiye aliyesahau kwamba mto hauishii kwenye mtambo wa mwisho.

Huko chini, Tana ulikuwa na desturi ya kufurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Wapokomo walipanda mpunga na migomba katika tope lililoachwa na maji. Waorma walileta ng'ombe kwenye delta wakati nyanda zimekauka, kwa kuwa pale tu ndipo palipobaki nyasi. Misitu ya kingo, makao ya mbega mwekundu wa Tana asiyepatikana kwingine duniani, hutegemea maji hayo hayo kuotesha miche yake. Mabwawa yalipokamilika, mafuriko yakapungua ukubwa na yakaacha kutabirika. Yale yaliyobaki yanategemea sana mito isiyozuiliwa ya Meru na Tharaka: Mutonga, Kathita na wenzao. Hakuna kanuni iliyowapa watu wa delta fungu hilo. Wamelipata kwa sababu tu hakuna aliyejenga bwawa chini ya mito hiyo.

Bado. Miaka ya 1990 wataalamu wa Japani walichunguza uwezekano wa kujenga mabwawa ya Mutonga na Grand Falls, na safari hii suala la mazingira lilikuwa mezani. Likazuka wazo la kufungulia maji kwa makusudi, kuigiza mafuriko ya asili. Wazo zuri, lakini lina gharama, maana maji yanayoachiwa nje ya mtambo hayauziki. Mpango wenyewe umerudi baadaye kwa jina la High Grand Falls, ukiwa na bwawa kubwa kuliko Masinga kwa mbali. Likijengwa, Mutonga nao utaingia ghalani.

Sheria kwa upande wake imesogea. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitambua akiba ya mto: maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, yanayotengwa kabla ya mtu yeyote kupewa kibali. Kanuni za 2007 zikamtaka mwenye kilimo cha umwagiliaji awe na hifadhi ya maji ya siku 90, achote mto ukiwa umejaa na auache ukipungua. Pale Timau, Meru, utayaona mabwawa ya mashamba ya maua yaliyotandikwa plastiki nyeusi, ingawa maji ya huko huelekea Ewaso Ng'iro na wanaoyasubiri ni watu wa Isiolo.

Kisha ikaja Katiba ya 2010, na kaunti 47, si majimbo saba kama yale ya 1963. Kaunti zilipewa usambazaji wa maji. Kulinda vyanzo, kuhakikisha mtoni panabaki maji ya kutosha, na usalama wa mabwawa vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo bwawa jipya la Tana litapata leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kibali cha maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kaunti ya Tana River itaombwa maoni. Sahihi si yake.