Pat Summitt: utoto na michezo ya shuleni

Pat Summitt (jina la kuzaliwa Patricia Sue Head, 14 Juni 1952 – 28 Juni 2016) alikuwa kocha wa mpira wa kikapu wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Aliifundisha timu moja kwa misimu 38, kuanzia 1974 hadi 2012, akashinda michezo 1,098, akapoteza 208 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya taifa hilo mara 8. Hayo yamesimuliwa mara nyingi. Makala haya yanahusu miaka iliyotangulia: shamba alikokulia, shule aliyosoma na sheria za mchezo alizozikuta. Kwa kuwa kitabu hiki kinasomwa Musoma, Bunda na Butiama, ambako msichana hukutana na netiboli mapema na kikapu baadaye sana, kila inapofaa mambo ya Tennessee yataelezwa kwa kuyaweka sambamba na ya Mara.

Familia na shamba

Patricia alizaliwa Clarksville, kaskazini mwa jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa nne wa Richard na Hazel Head. Alitanguliwa na kaka watatu, Tommy, Charles na Kenneth. Nyuma yake akafuata mdogo wake Linda. Nyumbani aliitwa Trish. Familia iliishi kwa ng'ombe wa maziwa, tumbaku, mahindi na majani ya mifugo, na Richard Head hakugawa kazi kwa kuangalia nani mvulana na nani msichana. Binti alikamua, aliendesha trekta, alikata tumbaku na kuibeba hadi bandani kukaushwa. Aliyewahi kukua kwenye mashamba ya pamba ya Bunda hahitaji kuelezwa mtoto wa mkulima hupata wapi pumzi na mabega. Tofauti ilikuwa jioni. Katika nyumba nyingi, msichana akitoka shamba huingia jikoni, na kaka zake huenda uwanjani. Kwa akina Head, kazi zikiisha watoto walipanda kwenye dari la ghala la majani makavu, palipokuwa na goli na taa, wakacheza wawili kwa wawili.

Kaka zake walikuwa wakubwa kuliko yeye kwa miaka na kwa miili, na hawakumhurumia. Wasimulizi wa maisha yake hulipa dari lile uzito mkubwa, nami nadhani wana haki. Pale juu hapakuwa na mwalimu wa kumwambia msichana aishie wapi. Mpira ulikuwa wa yeyote aliyeweza kuunyakua.

Baba mtu alikuwa mkali, mwenye maneno machache na asiyejua kusifia. Watu waliokuja kumfahamu Summitt akiwa kocha, pamoja na jicho lake kali lililowatisha wachezaji hata akiwa kimya, walimwona Richard Head ndani yake.

Kuhama kwa ajili ya timu

Binti alipokaribia umri wa sekondari kulitokea tatizo: shule ya sekondari ya Clarksville haikuwa na timu ya kikapu ya wasichana. Richard Head aliamua kuihamisha familia hadi Henrietta, kijiji cha jirani kilichokuwa ng'ambo ya mpaka wa kaunti, ili mtoto asome Cheatham County, shule iliyokuwa na timu. Masafa yenyewe hayakuwa makubwa, lakini uamuzi ule ulikuwa mzito: mkulima kubadili makazi katika miaka ya sitini ili msichana apate kucheza mpira.

Wasifu wa watu wakubwa mara nyingi una mtu mzima wa namna hii, aliyeona kitu ndani ya mtoto kisha akachukua hatua. Butiama inao mfano wake, na ajabu ni kwamba nao ulianzia kwenye mchezo. Inasimuliwa kuwa Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, katika wilaya ya Bunda ya leo, alivutiwa na akili ya kijana Kambarage, baadaye Mwalimu Nyerere, katika mchezo wa bao, akamshauri Mtemi Nyerere Burito ampeleke mwanawe shule. Mwaka 1934 kijana huyo akaanza masomo Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Wasichana waliokuwa wakicheza na kufanya kazi uani kwao hawakutazamwa kwa jicho hilo, na mlango wa shule ulichelewa sana kuwafungukia.

Nusu ya uwanja

Mchezo ambao Patricia aliukuta shuleni haukuwa kikapu tunachokiona leo. Wasichana wa Tennessee walicheza sita kila upande: watatu wafungaji, watatu walinzi, na mstari wa katikati ulikuwa ukuta. Mlinzi hakuruhusiwa kuuvuka kwenda kufunga. Mfungaji naye alisimama upande wake akisubiri mpira umfikie. Msichana angeweza kumaliza miaka yake yote ya sekondari bila kurusha mpira golini hata mara moja kwenye mechi.

Asili ya sheria hizo ni ya zamani. James Naismith alibuni mpira wa kikapu mjini Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Chuo cha Smith, aliupeleka kwa wanafunzi wake wa kike, lakini akaugawa uwanja katika sehemu tatu na kuwakataza wachezaji kutoka katika sehemu zao. Wakati huo madaktari na wazazi waliamini kuwa kukimbia sana na kugongana kungeidhuru miili ya wanawake. Berenson alikuwa akiulinda mchezo usipigwe marufuku kabisa, na katika hilo hawezi kulaumiwa. Lakini ulinzi wa muda ukageuka kuwa desturi, nayo desturi ikadumu miongo mingi baada ya hofu iliyoizaa kwisha.

Mchezo huohuo wa wasichana ulivuka bahari katika miaka ya 1890 hadi Uingereza, ukafundishwa katika vyuo vya walimu wa kike wa mazoezi ya viungo, ukaondolewa ubao wa nyuma ya goli na kukatazwa kudunda mpira. Hapo ndipo ilipozaliwa netiboli, na shule za dola la Uingereza zikaieneza hadi Tanganyika. Kwa hiyo msichana wa Bunda anayevaa herufi kifuani na kupuliziwa filimbi kwa kukanyaga eneo lisilo lake ni ndugu wa mbali wa Patricia Head aliyesimamishwa na mstari wa katikati. Wote wawili walirithi uwanja uliokatwa vipande na watu wa karne ya 19. Hii haimaanishi kwamba netiboli ni mchezo duni, maana ina ufundi wake na ni ya wanawake kwa jina na kwa uongozi, jambo ambalo kikapu hakiwezi kujivunia. Lakini hakuna msichana wa Mara aliyeulizwa achague upi.

Sababu nyingine ya netiboli kutangulia ni ya mfuko. Netiboli hutaka ardhi iliyosawazishwa, nguzo mbili na chokaa ya kuchorea mistari. Kikapu hutaka sakafu ngumu, kwa kuwa mpira haudundi kwenye mchanga, pamoja na mbao za goli ambazo mvua na jua huzila haraka. Katika shule za msingi mashindano ya UMITASHUMTA huwafikisha wasichana kwenye netiboli, riadha, wavu na mpira wa mikono. Kikapu kwa kawaida husubiri UMISSETA, yaani sekondari, ambako timu hupanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Mchezaji anayeanza kudunda mpira akiwa na miaka 14 au 15 ana kazi kubwa ya kumfikia aliyeanza akiwa na 7. Ngazi yenyewe nayo haikuwapo siku zote: mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchini, na ikachukua miaka kadhaa kurejeshwa. Msichana aliyekuwa kidato cha pili wakati huo alimaliza shule bila mashindano.

Chuo bila ufadhili

Patricia alimaliza sekondari mwaka 1970. Kaka zake walikuwa wamesomeshwa vyuoni kwa ufadhili wa michezo. Yeye hakupata, kwa sababu ufadhili wa namna hiyo kwa wanawake haukuwapo. Wazazi walilipa ada. Sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, ilisainiwa tarehe 23 Juni 1972, akiwa tayari amesoma miaka miwili.

Alikwenda tawi la Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Martin, akafundishwa na Nadine Gearin, kocha wa kwanza wa timu ya wanawake hapo. Bahati ilimwangukia: mwaka 1971 mchezo wa wanawake vyuoni ulihamia rasmi kwenye wachezaji watano na uwanja mzima. Binti aliyezoea dari la ghala sasa aliruhusiwa kukimbia kutoka goli hadi goli. Alimaliza akiwa na pointi 1,045, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa kike aliyemtangulia chuoni hapo, na mwaka 1973 alivaa jezi ya Marekani katika michezo ya vyuo vikuu vya dunia mjini Moscow, timu ikarudi na medali ya fedha.

Goti lilimwangusha Januari 1974, katika mwaka wake wa mwisho, kano ya ndani ilipokatika wakati wa mechi. Siku hizo jeraha hilo lilimaliza wanaume, sembuse msichana ambaye hapakuwa na ligi ya kulipwa iliyomngoja. Daktari alishauri aachane na mpira. Richard Head, kama Summitt mwenyewe alivyozoea kusimulia, alimjibu daktari alitengeneze goti hilo, kwa kuwa binti yake alikuwa anakwenda Olimpiki. Olimpiki ilikuwa bado haijawahi kuwa na kikapu cha wanawake. Kilikuwa kiingizwe kwa mara ya kwanza mwaka 1976.

Kocha wa miaka 22

Mwaka huohuo wa 1974 alikwenda Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Knoxville kusomea shahada ya uzamili ya elimu ya viungo, akitarajia kuwa msaidizi wa kocha. Kocha mkuu akaomba likizo ya masomo, na msaidizi ambaye hajaanza kazi akakabidhiwa timu. Alikuwa na miaka 22. Baadhi ya wachezaji wake walipishana naye kwa mwaka mmoja tu. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, gari la timu aliliendesha mwenyewe. Mechi ya kwanza, tarehe 7 Desemba 1974, alifungwa na Mercer 84–83. Msimu uliisha kwa ushindi 16 na vipigo 8.

Mwalimu wa michezo wa sekondari yoyote ya Mara ataitambua picha hiyo haraka, maana kocha wa shule ndiye mtunza jezi, mwombaji wa nauli, mwangalizi wa wasichana usiku na mwenye kuulizwa na mzazi kwa nini binti amechelewa kurudi. Njia ya kuifanya kazi hiyo kuwa taaluma haiko mbali sana. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kiko mkoa jirani wa Mwanza, na Bunda yenyewe ina chuo cha ualimu. Summitt naye aliingia kwa mlango huo wa elimu ya viungo, akifundisha huku akisoma na huku akilifanyisha goti mazoezi.

Montreal

Alifika Olimpiki ya 1976 mjini Montreal akiwa nahodha mwenza. Timu sita zilicheza, hakuna hata moja ya Afrika. Umoja wa Kisovyeti wa Uljana Semjonova, mwanamke mwenye urefu uliozidi mita 2, ulichukua dhahabu, na Marekani fedha.

Watanzania hawakuwapo kushuhudia. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwa zaidi ya mataifa 20 ya Afrika yaliyosusia michezo hiyo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya ubaguzi na New Zealand ikaachwa ishiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia, na dhahabu ya mbio hizo ikaenda kwa John Walker wa New Zealand hiyohiyo. Miaka 8 baadaye, Los Angeles, Summitt aliiongoza timu ya wanawake ya Marekani kutwaa dhahabu akiwa kocha. Jina la Summitt alilipata kwa ndoa ya mwaka 1980.

Ukuta kuondolewa

Akiwa Knoxville alikutana tena na sheria za utotoni kwake, safari hii akiwa upande wa kutafuta wachezaji. Wasichana wa sekondari za Tennessee waliendelea kucheza wachezaji sita kwa nusu uwanja, huku majimbo mengine yakiwafundisha wasichana wao mchezo mzima. Mlinzi wa Tennessee alifika chuoni hajui kufunga. Mfungaji alifika hajui kukaba. Summitt alilisema hilo hadharani bila kuwaonea haya viongozi wa michezo ya shule za jimbo lake, na kocha aliyekuwa akitafuta vipaji nje ya jimbo ilhali jimbo lina wasichana tele alikuwa hoja tosha. Walioutetea mchezo wa zamani walisema watu sita wanatoa nafasi kwa wasichana wengi zaidi, na hesabu yao ilikuwa kweli.

Tennessee ilibadili sheria mwaka 1979. Oklahoma, jimbo la mwisho kufanya hivyo, lilingoja hadi 1995.