Ukarabati wa risasi Moshi Mpya (1915)

Kazi ya mikono iliyofufua risasi za jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano ya Jasini, Januari 1915, yalikuwa yamemaliza risasi zipatazo 200,000, na kamanda Paul von Lettow-Vorbeck alipiga hesabu kwamba angeweza kupigana mara tatu tu zaidi kwa kiwango hicho.

Aprili 1915 meli ya shehena ya Kijerumani Rubens, iliyowaletea risasi na kujifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Uingereza Hyacinth na kuzama kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia kwenye risasi. Baruti na fataki ziliharibika, na nyingi hazikulipuka.

Ikabidi zifunguliwe zote. Huko Moshi Mpya, kwa miezi kadhaa, askari, wanawake na watoto walichomoa vichwa vya risasi, wakasafisha baruti, wakabadilisha fataki zilizooza kwa za aina nyingine zilizokuwemo koloni, kisha wakazijaza upya. Kumbukumbu za kamanda haziwataji kwa majina, ingawa bila vidole vyao bunduki zingenyamaza mapema.

Risasi zilipangwa kwa majaribio. Zilizo salama zilipewa bombomu. Fungu lililokosa kulipuka kwa takriban asilimia 20 liliwekwa akiba ya vita, na lililozidi asilimia 60 likaachiwa mazoezi ya shabaha.