Fahamu Namna Madaktari Bingwa wa Usingizi na Ganzi Wanavyoandaliwa

Mwananchi anayepangiwa upasuaji kwa kawaida hulijua jina la daktari atakayempasua. Ni wachache wanaolijua jina la daktari atakayewalaza usingizi, ilhali huyo ndiye anayebeba dhamana ya pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu la mgonjwa tangu anapolazwa juu ya kitanda cha upasuaji hadi anapozinduka. Kutokana na uzito wa dhamana hiyo, maandalizi yake ni ya muda mrefu na hufanyika hatua kwa hatua chini ya usimamizi.

Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga na kukarabati vituo vya afya na hospitali za wilaya zenye vyumba vya upasuaji, hasa ili mama mwenye uzazi pingamizi ahudumiwe karibu na anapoishi. Jengo la upasuaji laweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja. Daktari bingwa wa usingizi huchukua takriban miaka kumi kuandaliwa tangu anapoingia chuo kikuu. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya mafunzo ya kada hii kuwa suala la mipango ya Taifa na si la vyuo pekee.

Taaluma ya usingizi na ganzi

Tarehe 16 Oktoba, 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, William Morton alionesha hadharani kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ya upasuaji. Ndiyo maana tarehe 16 Oktoba ya kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Usingizi Duniani.

Tangu wakati huo taaluma hii imepanuka. Mbali na nusukaputi, ambayo humlaza mgonjwa usingizi kamili, ipo sindano ya ganzi ya mgongo inayotumika sana katika upasuaji wa kujifungua, na ipo ganzi ya kiungo kimoja kama mkono au mguu. Vilevile, daktari bingwa wa usingizi hutibu maumivu sugu, hushiriki kumwokoa majeruhi wa ajali, na huwahudumia wagonjwa mahututi.

Uhusiano wa taaluma hii na vyumba vya wagonjwa mahututi una historia yake. Mwaka 1952, mlipuko wa polio ulipouzidi uwezo wa hospitali jijini Copenhagen, Denmark, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa walioshindwa kupumua watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mkono, kama ilivyokuwa ikifanyika katika chumba cha upasuaji. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu kubonyeza mifuko ya hewa usiku na mchana. Kutokana na uzoefu huo yalizaliwa mawazo ya kuwa na wodi maalumu za wagonjwa mahututi, na hadi leo madaktari wanaosomea ubingwa wa usingizi hupangiwa sehemu ya mafunzo yao katika wodi hizo.

Masharti ya kujiunga

Kwa hapa nchini, anayetaka kusomea ubingwa huu ni lazima kwanza awe daktari. Shahada ya Udaktari wa Tiba huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali katika hospitali zilizoidhinishwa. Baada ya hapo hupata usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na wengi hufanya kazi kwa muda kabla ya kurejea masomoni.

Masomo ya ubingwa hutolewa kwa ngazi ya Shahada ya Uzamili ya Tiba. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada hiyo katika fani ya usingizi. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere, masomo ya fani hii kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 4. Sambamba na njia ya vyuo vikuu, Chuo cha Madaktari wa Usingizi cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini huwezesha daktari kufuzu akiwa katika hospitali iliyoidhinishwa kwa mafunzo.

Daktari aliye katika masomo haya ni mwanafunzi, lakini ni daktari kamili. Huhudumia wagonjwa kila siku, hupangiwa zamu za usiku, na hujifunza kwa kufanya.

Muundo wa masomo

Mwaka wa kwanza hujikita katika misingi: namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, namna moyo na mapafu vinavyoitikia dawa hizo, na kanuni za fizikia zinazotawala gesi na shinikizo. Katika chumba cha upasuaji, somo la kwanza la kila asubuhi ni ukaguzi wa mashine ya usingizi kabla mgonjwa hajaingizwa. Daktari hukagua oksijeni, mirija, kifaa cha kuvuta makohozi na mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono endapo umeme utakatika au mashine itakwama.

Ujuzi unaopewa uzito wa pekee ni ulinzi wa njia ya hewa. Dawa ya usingizi hulegeza misuli, hivyo ulimi unaweza kuziba koo na pumzi kusimama. Daktari hufundishwa kumpulizia mgonjwa hewa kwa barakoa, kumwingizia mpira wa kupumulia, na, lililo gumu zaidi, kutambua mapema kwamba mpira huo haukuingia mahali pake. Ubongo usiopata oksijeni huanza kudhurika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo uamuzi wa kuomba msaada haupaswi kucheleweshwa.

Baada ya misingi hufuata mzunguko katika vitengo. Katika kitengo cha uzazi, daktari hujifunza kwamba sindano ya mgongo inaweza kushusha shinikizo la damu la mama ghafla, na kwamba kumwegemeza kidogo upande wa kushoto huzuia uzito wa mfuko wa uzazi kukandamiza mishipa mikubwa ya damu. Katika upasuaji wa watoto, hujifunza kukokotoa kila dawa kwa kilo ya uzito na kukumbuka kwamba mtoto mchanga huishiwa oksijeni haraka kuliko mtu mzima. Katika kitengo cha majeruhi, hukutana na mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, ambaye kipimo cha kawaida cha dawa ya usingizi chaweza kusimamisha moyo wake.

Miaka ya mwisho huhusisha upasuaji mkubwa kama ule wa moyo na ubongo, uangalizi wa wagonjwa mahututi, tasnifu ya utafiti na kuwafundisha walio nyuma yake. Mwanafunzi hupimwa kwa mitihani ya maandishi, ya mahojiano na ya vitendo, wakiwemo watahini kutoka nje ya chuo chake.

Usimamizi wa hatua kwa hatua

Kinachoyatofautisha mafunzo ya ubingwa na masomo ya darasani ni namna mwanafunzi anavyoachiwa majukumu. Mwanzoni hutazama. Kisha hufanya huku mkono wa mwalimu ukiwa karibu. Baadaye mwalimu hubaki ndani ya chumba bila kugusa, halafu huwa katika chumba cha jirani, na hatimaye huwa mtu wa kupigiwa simu. Kila huduma anayoitoa mwanafunzi huingizwa katika daftari la kumbukumbu za kazi, likionesha aina ya upasuaji, aina ya usingizi na kiwango cha usimamizi aliokuwa nao.

Hatua hizo haziwezi kurukwa bila gharama, na anayeilipa ni mgonjwa. Hata hivyo, mahali penye mabingwa wachache, bingwa mmoja hutakiwa kuhudumia, kusimamia na kufundisha kwa wakati mmoja. Orodha ya upasuaji ikiwa ndefu, muda wa kufundisha ndio wa kwanza kupungua. Ongezeko la nafasi za masomo, kwa hiyo, linapaswa kwenda pamoja na ongezeko la walimu na vifaa. Mazoezi kwa kutumia sanamu za mafunzo hupunguza sehemu ya mzigo huo, kwani humwezesha daktari kukosea, kurekebishwa na kurudia kabla ya kukutana na dharura ya kweli.

Kazi ya pamoja na usalama wa mgonjwa

Mafunzo ya sasa hayaishii kwenye dawa na vifaa. Daktari hufundishwa pia kuzungumza: kutangaza kwa sauti kwamba mgonjwa anabadilika, kumtaka mpasuaji asimame, na kukiri kwamba anahitaji msaada.

Tanzania ina nafasi katika historia ya jambo hili. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara mkoani Morogoro. Orodha hiyo huitaka timu kusimama mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kumpasua, na kabla hajatolewa chumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba, kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Viwango vya kimataifa vya usingizi salama, vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirikisho la Dunia la Vyama vya Wataalamu wa Usingizi, vinasisitiza jambo hilohilo. Mtaalamu aliyefunzwa awepo muda wote wa usingizi, na mgonjwa afuatiliwe mfululizo, ikiwemo kwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kifaa hicho hutoa taarifa tu. Anayeamua la kufanya baada ya mlio wake ni binadamu.

Mahitaji ya wataalamu

Shirikisho hilo limependekeza kiwango cha chini cha madaktari 5 wa usingizi kwa kila watu 100,000. Kwa kuwa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kiwango hicho kingehitaji takriban madaktari 3,000. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, ingali mbali na idadi hiyo, na sehemu kubwa ya huduma za usingizi hutolewa na wauguzi na watumishi wengine wa afya waliopata mafunzo maalumu. Bila wao vyumba vingi vya upasuaji visingefanya kazi. Nafasi ya daktari bingwa ni kushirikiana nao, kuwafundisha, kuweka miongozo na kupokea wagonjwa wanaohitaji huduma ya juu zaidi.

Kwa kutambua hali hiyo, mwaka 2018 Tanzania ilizindua Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025, ukiziweka huduma hizo tatu katika mpango mmoja. Aidha, Wizara ya Afya imekuwa ikidhamini watumishi kusomea ubingwa na ubobezi. Udhamini humpeleka daktari masomoni; kumbakiza katika hospitali ya mkoa baada ya kuhitimu kunahitaji mashine zinazofanya kazi, dawa zisizokatika na mwenzake wa kupokezana naye zamu.

Kujiendeleza baada ya kuhitimu

Kuhitimu si mwisho wa kujifunza. Daktari bingwa hutakiwa kuendelea na mafunzo ya kitaaluma kadiri dawa, vifaa na miongozo inavyobadilika. Mikutano ya vifo na madhara, ambamo timu hupitia kilichotokea kwa lengo la kujifunza, ni sehemu ya utaratibu huo. Zipo pia kozi fupi za usingizi salama kwa wajawazito na watoto, zilizoanza kutolewa nchini Uganda mwaka 2011 na kuenea katika nchi nyingine. Wanaotaka kwenda mbele zaidi hubobea katika usingizi wa moyo, wa watoto, tiba ya maumivu au huduma za wagonjwa mahututi.

Wajibu wa mwananchi

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika usalama wa usingizi. Kabla ya upasuaji anapaswa kueleza ukweli kuhusu maradhi aliyonayo, dawa anazotumia zikiwemo za asili, mzio, meno yanayolegea, na kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata tatizo alipopewa dawa ya usingizi. Kwa upasuaji uliopangwa, kwa kawaida mgonjwa hatakiwi kula chakula kigumu kwa saa 6 wala kunywa maji kwa saa 2 kabla ya usingizi. Mtoto anayenyonya huachishwa ziwa la mama kwa saa 4. Maelekezo ya hospitali husika ndiyo ya kufuatwa. Anayeficha kwamba amekula hujiweka katika hatari ya chakula kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu akiwa hajitambui.

Vilevile, mgonjwa ana haki ya kujua ni nani atakayemlaza usingizi, kama daktari huyo yuko masomoni, na nani anamsimamia. Ni maswali ya kawaida, na daktari aliyefunzwa vyema huyajibu kabla hajaulizwa.