Umbizo Lisiloonekana: Historia ya Mitindo katika Programu za Uchakataji Matini na Gharama Yake kwa Nyaraka za Kiswahili

Mhariri wa kitabu cha makala za kongamano hukutana na tatizo ambalo miongozo ya uandishi wa kitaaluma hailigusi. Makala zimefika, zote zimechapwa kwa fonti moja na ukubwa mmoja kama ilivyoagizwa. Zinapounganishwa katika faili moja, nafasi kati ya aya hupanuka, vichwa vidogo hugeuka rangi, manukuu yaliyosogezwa ndani hurudi pambizoni, na orodha iliyopaswa kuanza upya katika makala ya nne huendeleza namba za makala ya tatu. Desturi imekuwa kumlaumu mchapaji. Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo imeelekezwa pasipo. Chanzo cha tatizo ni maamuzi ya kiuhandisi yaliyofanyika hasa kati ya mwaka 1974 na 1993, na kwa Kiswahili maamuzi hayo yana gharama ya ziada, kwa kuwa ndani ya programu hizo hata lugha ya matini huhesabiwa kuwa aina ya umbizo.

Njia mbili za kusema jambo moja

Katika zama za taipureta umbizo lilikuwa wino tu. Aliyetaka kupigia mstari kichwa cha habari alirudi nyuma na kugonga kistari chini ya kila herufi, na zaidi ya kilichoonekana kwenye karatasi hapakuwa na kumbukumbu nyingine yoyote. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilianza kuuza mashine ya MT/ST, iliyohifadhi matini katika utepe wa sumaku. Matini na karatasi vikaanza kutengana katika kazi za kawaida za ofisi, na swali likazuka: yale yasiyo herufi, yaani unene, mlazo, nafasi na pambizo, yahifadhiwe wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kuyaweka ndani ya mkondo wa matini yenyewe. Programu ya WordPerfect, iliyoasisiwa na Alan Ashton na Bruce Bastian huko Utah, iliweka msimbo mahali herufi nzito zinapoanza na msimbo mwingine mahali zinapokoma. Mchapaji aliyeona ukurasa umeharibika alibonyeza vitufe viwili tu na skrini ikagawanyika: juu matini, chini matini ile ile pamoja na misimbo yake yote. Alifuta msimbo uliopotea njia, na kazi ikaisha. Toleo la 5.1 la mwaka 1989 lilipendwa mno maofisini, na wapo waandishi wa rika hilo ambao hadi leo hawajaisamehe dunia kwa kuliacha.

Jibu la pili lilitoka kwa waliouona ukurasa kama muundo wa maana. Mwaka 1969, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa IBM walibuni lugha ya GML, ambayo jina lake kwa makusudi lina herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Wazo lao lilikuwa kwamba matini iseme kitu ni nini, hiki ni kichwa, hii ni nukuu, na sura yake iamuliwe mahali pengine. Brian Reid wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alilijenga wazo la namna hiyo katika programu ya Scribe, aliyoiwasilisha katika tasnifu yake ya mwaka 1980, na mwaka 1986 SGML, mrithi wa GML, ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 8879.

Jibu la tatu ndilo lililoshinda sokoni, nalo lilizaliwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Mwaka 1974 Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao waliandika Bravo kwa ajili ya kompyuta ya Alto. Hapo sifa za umbizo zilihifadhiwa kando ya herufi, na skrini ikaonyesha matokeo badala ya amri. Mtumiaji aliona herufi nzito zikiwa nzito, na hakuona kilichozifanya ziwe nzito. Simonyi alihamia Microsoft mwaka 1981, akamwajiri Richard Brodie, na mwaka 1983 Word ikatoka. Tangu toleo hilo la kwanza Word ilibeba njia mbili kwa pamoja. Mtumiaji aliweza kuipaka herufi sura anayoitaka, jambo ambalo hapa litaitwa umbizo la papo. Au aliweza kuipa aya mtindo wenye jina, na maelezo ya mtindo huo yakahifadhiwa katika faili la pekee.

Uamuzi wa kuweka njia zote mbili ulikuwa wa kiungwana, maana haukumlazimisha mtu kujifunza nadharia ya Goldfarb ili aandike barua. Lakini ulizaa swali ambalo programu haina budi kulijibu kila siku: mtindo ukisema jambo moja na umbizo la papo likasema jingine, nani asikilizwe? Majibu ya Word ni ya kubahatisha kuliko wengi wanavyodhani. Aya inapopewa mtindo mpya, programu hupima ni sehemu gani ya aya hiyo imepakwa umbizo la papo. Likiwa limeenea chini ya nusu, hudhaniwa kuwa ni msisitizo wa mwandishi na huachwa. Likizidi nusu, hudhaniwa kuwa ni takataka na hufutwa. Ndiyo sababu mhariri hupitisha mtindo mmoja katika makala nzima na kukuta istilahi za mlazo zimesalia katika aya ndefu ila zimetoweka katika aya fupi, hasa katika mifano ya sentensi, ambayo katika isimu ndiyo roho ya makala.

Vivyo hivyo kuhusu majina. Mtindo wa msingi wa Word unaitwa Normal katika kila faili, lakini maana yake hutofautiana. Hadi toleo la 2003 ulikuwa Times New Roman. Kuanzia Word 2007 kiolezo cha kawaida kilileta Calibri, nafasi ya 1.15 kati ya mistari, na nafasi ya pointi 10 baada ya kila aya. Makala mbili zinapokutana katika faili moja, jina hilo linaweza kuwa na maana moja tu, na kwa kawaida maana ya faili linalopokea ndiyo hushinda. Makala iliyobandikwa hubadilika bila mtu kuigusa. Sifa za aya, zaidi ya hayo, hubebwa na alama ya mwisho wa aya ambayo kwa kawaida haionekani. Aliyeifuta alidhani amefuta nafasi tupu, kumbe amefuta sura ya aya nzima.

Microsoft iliongeza kidirisha cha kufichua umbizo katika Word 2002. Kidirisha hicho husaidia kutambua kasoro, lakini hakilingani na kile cha WordPerfect, kwa sababu ndani ya Word hakuna mfuatano wa misimbo wa kuonyesha. Kuna tabaka za sifa, na kidirisha hutoa ripoti ya jumla yake.

Lugha ikawa sifa kama unene wa herufi

Hadi hapa Kiswahili hakitofautiani na lugha nyingine. Tofauti ilianza wakaguzi wa tahajia walipoingizwa ndani ya programu. Ilibidi programu ijue ni kamusi gani itumike kwa neno gani, na wahandisi wakachagua njia iliyokuwapo tayari: lugha ikawa sifa ya umbizo. Katika faili la docx, ambalo kwa hakika ni furushi la mafaili ya XML yaliyobanwa pamoja, lugha huandikwa katika fungu lile lile linalobeba fonti, rangi na unene. Kwa hiyo lugha hurithiwa kutoka kwenye mtindo, hubandikwa pamoja na matini, na hupotoshwa kwa njia zile zile zinazopotosha pambizo.

Matokeo yanaonekana katika nchi zote zinazotumia Kiswahili. Waraka uliochapwa Kampala kwenye kompyuta ambayo kiolezo chake ni cha Kiingereza hujitambulisha kuwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Uliochapwa Bujumbura au Bukavu, ambako mashine nyingi huja na mipangilio ya Kifaransa, hujitambulisha kuwa Kifaransa. Mistari myekundu chini ya maneno ni usumbufu mdogo tu. Usumbufu mkubwa zaidi ni kwamba programu hutenda kulingana na utambulisho huo. Tangu Word 6 ya mwaka 1993 ilipoleta masahihisho ya papo hapo, mashine imekuwa ikibadilisha kilichoandikwa bila kuuliza. Chini ya Kiingereza, herufi i inayosimama peke yake hugeuzwa kuwa kubwa, balaa kwa anayeandika kuhusu viambishi ngeli. Chini ya Kifaransa, nafasi isiyokatika huingizwa kabla ya nukta mbili na nukta mkato, na alama za kunukuu hugeuka kuwa « ». Nyaraka mbili za Kiswahili sanifu, zenye maneno yale yale, hutoka zikiwa na uakifishaji wa mataifa mawili ambayo hayakuhusika kuziandika.

Ritifaa inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Katika ng'ombe, ng'oa na ng'ambo si pambo wala alama ya kunukuu. Ni sehemu ya herufi inayotenganisha sauti ya ng' na ile ya ng. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisanifisha maandishi katika zama za taipureta yenye ritifaa moja tu, iliyosimama wima. Msimbo wa ASCII wa mwaka 1963 uliirithi ishara hiyo moja. Baadaye programu zikaanza kuipinda zenyewe ili ifanane na chapa za vitabu, na upindaji huo hutokea au hautokei kutegemea programu, mipangilio na njia iliyotumika kubandika matini. Leo yapo maandishi mawili ya neno moja, lenye alama wima na lenye alama iliyopinda, ambayo kwa jicho ni kitu kimoja na kwa mashine ni maneno tofauti. Mtafiti anayehesabu marudio ya maneno katika kongoo ya matini hupata vidahizo viwili. Matini ikipita kwenye mfumo unaosoma vibaya usimbaji wa UTF-8, neno hutokea kama ngâ€™ombe. Jedwali la Unicode lina hata ishara ya tatu, U+02BC, iliyotengwa kwa ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, na ambayo kibodi za kawaida hazina kitufe chake.

Hasara haiishii kwa watafiti. Programu zinazowasomea wasioona hutazama utambulisho wa lugha ili kuchagua sauti. Waraka wa Kiswahili uliotambulishwa kuwa Kiingereza unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na raia asiyeona akaambulia kelele ambapo wizara ilidhani imetoa taarifa.

Sera inayoongea na taipureta

Juhudi za kuileta lugha ndani ya programu zilikuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata kwa tafsiri ya menyu zake. Kazi hizo zilizalisha istilahi ambazo bado zinatumika. Hata hivyo, menyu ni uso tu. Mchapaji aliyesoma menyu kwa Kiswahili aliweza kuendelea kuchapa Kiswahili ndani ya mtindo uliodai kuwa Kiingereza. Na utambulisho wenyewe una mipaka ambayo lugha haiijui: katika orodha ya zamani ya misimbo ya Microsoft, Kiswahili kilipewa namba 1089, iliyofungamanishwa na Kenya, ilhali mafaili ya kamusi ya tahajia ya Kiswahili katika LibreOffice hubeba msimbo wa Tanzania. Wanaojadili ni lahaja ipi iliyokuwa msingi wa usanifishaji wangefurahi kujua kwamba jedwali la namba liliwatangulia kuamua.

Mjadala wa kimataifa kuhusu viwango ulijikita katika muundo wa faili. ODF ilipitishwa kuwa ISO/IEC 26300 mwaka 2006. OOXML ikapitishwa kuwa ISO/IEC 29500 mwaka 2008 baada ya mvutano mkali, Afrika Kusini ikiwa miongoni mwa nchi zilizokata rufaa. Ulikuwa mjadala wa lazima, lakini miundo yote miwili huruhusu mitindo na umbizo la papo kuishi pamoja, na yote huhifadhi lugha kama sifa ya umbizo. Serikali iliyochagua mmoja wao haikuwa imelitatua tatizo linalojadiliwa hapa.

Wakati huo miongozo ya ofisi na ya makongamano imebaki kuagiza fonti, ukubwa wa pointi 12 na nafasi moja na nusu kati ya mistari. Hayo ni maagizo ya kumpa mtu mwenye taipureta. Yanaeleza karatasi itakavyoonekana na kunyamaza kuhusu kile faili linachodai kuwa. Tangu SADC ilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, nyaraka za lugha hii zinasafiri kati ya ofisi nyingi zaidi, zenye mipangilio mingi zaidi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iko mahali pazuri pa kutoa kiolezo kimoja cha ODF na kimoja cha docx, ambamo lugha ya mtindo wa msingi ni Kiswahili, masahihisho ya papo hapo yamezimwa, vichwa vina mitindo yenye majina ya Kiswahili, na ritifaa imeamuliwa kuwa ishara moja. Gharama yake ni siku chache za kazi ya mtaalamu mmoja.

Nyaraka zilizokwisha kuhifadhiwa ni mzigo mwingine. Ritifaa zake zinaweza kusawazishwa kwa mashine usiku mmoja. Utambulisho wa lugha ni mgumu zaidi, kwa sababu taarifa nyingi za serikali na tasnifu nyingi huchanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya aya moja, wakati mwingine ndani ya sentensi moja, na mahali lugha inapobadilika hapakuwekwa alama yoyote. Kazi hiyo inahitaji wasomaji wanaozijua lugha zote mbili, na kila faili jipya linalohifadhiwa bila kiolezo linawaongezea ukurasa.